Kuku wa Kwenye Kompyuta Hajambo

Jumatatu, 6 Juni 2005
Kwako daftari, salamu nyingi. Nesi Anjelina kaniagiza niandike kila siku, kichwa kisilale. Mimi ninachojua ni barua tu. Basi, sisi hapa Rutamba hatujambo. Mwanangu Agnes, aliye Mbagala, hajambo. Wajukuu hawajambo. Jirani Sada hajambo, na mdomo wake haujambo. Mbuzi hajambo. Kuku wazima wote. Loh! Mume wangu Eusebio! Naye hajambo. Asisome hapa.

Shida yenyewe: ninasahau. Nimeunguza kunde, na sufuria yenyewe ya kuazima. Agnes kasema nikifeli mtihani wa kumbukumbu wa kwenye kompyuta Ijumaa, ananihamishia kwake. Mbagala! Kule hata mchicha wananunua!

Jumanne, 7 Juni
Zahanati wamewasha jenereta, tufanye mazoezi. Kompyuta inaficha picha, unafunua mbili mbili, unatafuta zinazofanana. Nikapata akili. Penye kuku nikapaka masizi kwenye kioo. Mchezo wa pili, kuku kahama! Nesi akauliza nani kachafua kioo. Nikasema nzi. Akasema nzi huyo ana kidole kinene.

Alhamisi, 9 Juni
Mpango mpya. Kesho nesi yuko semina, atatutahini daktari mgeni kutoka Lindi. Hajui sura zetu. Sada ni mtani wangu. Kwenye misiba yetu yeye ndiye humwiga marehemu mpaka mjane anacheka. Na kichwa chake hakina kutu. Basi avae kitenge changu, aitike jina langu. Kakubali, kwa malipo ya jogoo!

Ijumaa, 10 Juni
Nimekwisha! Sada kaniiga kweli kweli. Kaingia anaburura ndala kama mimi. Kompyuta kaiamkia shikamoo. Kamuuliza daktari jina, kajibiwa, kauliza tena. Kuku kafunuliwa, kasema ni padri. Watu wamejaa dirishani, hawana mbavu. Na mimi nikacheka, halafu nikakumbuka anayechekwa ni mimi.

Daktari kampigia simu Agnes: mama asikae bila mtu wa kumwangalia. Nikamfuata Sada nimfokee. Akasema, "Mtani, si uliniambia niwe wewe?" Kaondoka na jogoo wangu. Ni mtani, nitamkasirikia vipi?

Jumatatu, 13 Juni
Agnes kaja na begi tupu la nguo zangu. Nikamwambia aliyefeli ni Sada. Akaanza kulia, eti sasa mama hakumbuki hata kwenda zahanati. Nikamvuta mpaka kwa nesi, nicheze mbele ya macho yake. Nikawa nazisalimu picha moja moja, kama kwenye barua. Kuku hajambo, yuko pembeni. Mwavuli haujambo, uko chini yake. Samaki hajambo. Zote nikazipata! Nesi kapiga makofi. Agnes kanikumbatia, begi karudi nalo tupu. Nabaki! Mpaka mtihani mwingine, Septemba.

Ila ile ilikuwa bahati tu. Nadhani masizi yalibaki kidogo. Septemba sithubutu kwenda mwenyewe. Nimeshaongea na Sada, nimempa na tetea. Kaapa safari hii ataniiga nikiwa na akili zangu.

Daftari, nakuomba unijibu upesi: kunde nimeshabandika jikoni, au bado?