Kosha Mpaka Buffalo

Jumatatu, tarehe 15 Agosti 2016. Louisville.

Nimepata! Safari ya Buffalo, bure, na chakula juu yake! Mama Rivka ana kampuni ndogo ya kuwatembeza Wayahudi likizoni, na alihitaji wasaidizi wawili wa jikoni. Basi linaanzia hapa Louisville, linalala Columbus, linaishia Buffalo kwenye maporomoko ya maji. Wasafiri wanataka kutembea na kula vizuri, lakini hawali ovyo. Kwa hiyo jiko linasafiri nao.

Mimi maporomoko sina haja nayo. Maji nimeyaona mtoni Ruzizi. Buffalo yuko Dative. Tunaongea kwa simu tangu Pasaka, na kaka yake Bagula amesema hawezi kumpa dada yake kwa sauti ya simu. Anataka kuona mtu mwenyewe, anavyokaa, anavyokula. Nikikubalika mezani kwa Bagula, Dative ni mke wangu. Nikikataliwa, narudi kwenye ghala na makartoni yangu. Donc, hii si safari. Ni vita.

Shida ni moja. Msaidizi wa pili ni Ezéchias, jirani yangu hapa mtaa wa Iroquois. Mtu wa Minembwe, kule milimani kwa wafugaji wa ng'ombe, mpole, hasemi, anatikisa kichwa tu. Watu wa namna hiyo ni hatari! Mwezi wa kumi kuna safari nyingine ya Buffalo, na Mama Rivka atamchukua mmoja wetu. Lazima niwe mimi.

Mama Rivka alitusisitizia jambo moja. Kila kitu kiwe kosha, mwanzo mpaka mwisho. Ezéchias akauliza maana yake. Nilimwonea haya! Sisi Bukavu tunasema kusukula, lakini mwalimu wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu wa Tanga, alikuwa anasema kosha. Kosha vyombo. Kosha miguu. Wazungu wametuibia neno letu, halafu mtu wa Minembwe anauliza maana! Mama Rivka akaanza kumweleza. Mimi sikungoja, nilikwenda kupakia masanduku ili anione ninavyojituma. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi naona kuuliza ni kujitangaza.

Jumanne, tarehe 16 Agosti. Njiani, kisha Columbus.

Basi linanukia kuku wa kuoka na vitunguu. Wasafiri wanaimba, wanapeana biskuti, wanabishana kuhusu madirisha. Watu wa furaha kweli. Kuna Papa Lazar, mzee mwenye ndevu nyeupe, ndiye mwangalizi wa jiko. Bila jicho lake chungu hakifunuliwi. Hapiki, haoshi, anatazama tu, na wote wanamheshimu. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka mimi!

Kuna masanduku mawili ya barafu, jekundu na la buluu. Nikasifia rangi.

Nimekosha kila kitu. Nimekosha matofaa. Nimekosha ndizi. Nimekosha vyuma vya kushikia ndani ya basi. Mama Rivka alisema hajawahi kuona mtu msafi hivi. Ezéchias akatikisa kichwa. Wivu huo!

Baada ya nyama ya mchana nikataka kumtengenezea Papa Lazar chai ya maziwa, ile yetu, yenye tangawizi. Akafunika kikombe kwa kiganja. Nikampa pole kwa tumbo lake.

Jumatano, tarehe 17 Agosti. Columbus.

Siku mbaya. Naandika tu kwa sababu ukweli lazima uandikwe, na ukweli ni kwamba kosa si langu.

Mama Rivka amekodi jiko la nyumba yao ya sala. Ezéchias alilala mtaa wa Linden kwa binamu yake, kwa hiyo niliamka mapema nimtangulie. Mlinzi akanifungulia. Nikakuta masinki mawili, sufuria za kushoto na sufuria za kulia, sponji nyekundu na sponji ya buluu. Uharibifu gani huu? Nikakusanya vyote kwenye sinki moja. Sufuria za nyama, sufuria za maziwa, vijiko, miiko, sahani. Maji ya moto, sabuni nyingi, sponji moja. Nikasugua mpaka uso wangu ukaonekana kwenye kila mfuniko. Uso wa mtu aliyekwisha kuajiriwa!

Papa Lazar akaingia. Nikafungua mikono, nikamtangazia kwamba vyote ni kosha.

Akatafuta kiti. Mama Rivka akaja, akatazama sinki, akatoka nje, akarudi, akatazama tena, ungedhani amekuta maiti.

Kumbe kosha yao si kosha yetu! Yao ni chakula kilichoruhusiwa na sheria ya Mungu wao. Nyama na maziwa havikutani, si chunguni, si sinkini, hata tumboni vinasubiriana. Nyekundu ni ya nyama, buluu ni ya maziwa. Na mimi nimevifungisha ndoa vyote asubuhi moja.

Ezéchias, ambaye hakuwa amesema neno tangu Louisville, ndipo akapata sauti. Alisema babu yake kule Minembwe hakukubali nyama iguse kibuyu cha maziwa, kwa hiyo yeye alielewa tangu Jumatatu. Halafu akaongeza kwamba ukiondoa h kwenye kosha, unabaki na kosa. Mlinzi, ambaye hajui Kiswahili, akacheka pia! Nyoka yule.

Sufuria zilizoweza kuokolewa zilitumbukizwa kwenye maji yanayochemka siku nzima. Nyingine zimewekwa kando. Mchana wasafiri walikula mayai ya kuchemsha na tikiti maji kwenye sahani za karatasi, chini ya miti. Bibi mmoja alisema hajafurahi hivyo tangu utoto wake. Naomba ieleweke kwamba furaha hiyo ilitoka kwangu.

Mama Rivka amenitoa jikoni. Sasa napakia mizigo. Bon. Papa Lazar, mtu wa roho nzuri, alikaa nami pembeni ya basi akanifundisha yote, polepole, kama katekista. Magamba ya samaki, kwato za wanyama, damu, tanuri, kila kitu. Sasa najua kuliko Ezéchias na babu yake.

Alhamisi, tarehe 18 Agosti. Buffalo.

Maporomoko ni makubwa, yanapiga kelele, yanalowesha watu. Wasafiri walipiga mayowe, kisha wakaona njaa. Mama Rivka akawapikia mabawa ya kuku ya hapa Buffalo, yenye pilipili, bila siagi, maana siagi ni maziwa na kuku ni nyama. Mimi najua sasa! Nilikula mpaka midomo ikawaka. Jamani, watu wenye sheria nyingi wanakula vizuri hivi?

Nikampigia Dative. Yeye ni Msabato. Hali nguruwe, hali kambale, Jumamosi hapiki. Mimi na nguruwe tunapendana tangu Kadutu, mtaa wetu kule Bukavu, lakini hilo halikuulizwa. Nikamwambia nimefika, na kwamba mimi ndiye mwangalizi wa chakula cha safari nzima, bila jicho langu chungu hakifunuliwi. Akacheka. Cheko gani hilo! Akasema kaka Bagula ananisubiri Jumamosi baada ya kanisa, na kwamba mpishi atakuwa yeye Dative mwenyewe. Moyo ulinirukaruka. Nampenda huyu mwanamke, naandika wazi.

Ijumaa, tarehe 19 Agosti. Buffalo.

Kabla jua halijazama wameinjika chungu kikubwa. Maharage, viazi, nyama, moto mdogo mpaka kesho. Nikaonja kwa siri. Kumbe Mungu aliwapa Wayahudi maharage ya mama yangu! Karibu nilie.

Papa Lazar alitueleza kwamba jua likizama hawagusi swichi, wala hawamtumi mtu. Mwenye akili ataelewa mwenyewe. Akili ninazo.

Jumamosi, tarehe 20 Agosti. Buffalo.

Asubuhi chumba cha kulia kilikuwa na baridi ya kile chombo chao cha hewa. Mama Rivka alinijia akasema humu kuna baridi. Nikakubali. Akasema tena kwamba kweli, baridi ni kali, wazee wanatetemeka. Nikampa pole, nikamsimulia baridi yangu ya kwanza Louisville. Ezéchias akapita nyuma yangu, akaenda ukutani, akazima. Wote wakamtazama kama Musa. Hakuna aliyemtuma! Kimbelembele tu.

Sikujali. Baada ya kupanga viti nilikwenda kwa Bagula mtaa wa East Side, shati jeupe, kiatu kinang'aa. Bagula alinikaribisha vizuri, ananiita shemeji tangu mlangoni. Dative ni mzuri kuliko simu. Mezani bugali, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya ng'ombe yenye harufu ya kumfufua mtu. Kando, maziwa ya mgando kwenye jagi. Bagula akaomba, akaanza kula.

Hapo nikakumbuka kwamba mimi ni mwangalizi. Nikikaa nikala tu, nina tofauti gani na mwanaume yeyote? Nikasimama. Nikaenda jikoni kwake. Nikafungua makabati. Nikafunua sufuria, nikanusa. Nikauliza sponji ya maziwa ni ipi na ya nyama ni ipi. Ilikuwa moja, ya kijani! Nikatikisa kichwa kama Papa Lazar. Nikarudi sebuleni nikatangaza kwamba kwa masikitiko chakula hiki hakifai, na nikamwomba Bagula ateme.

Bagula akaacha kutafuna. Hakutema.

Dative hakupiga kelele. Alisema alipika jana kabla ya jua kuzama ili leo asivunje Sabato yake. Alisema aliacha kila alichofikiri kingeniudhi. Alisema amepokea wageni wenye njaa na wageni wenye kiburi, lakini hajapata kuona mgeni anayekataa chakula chake kwa tumbo la watu wengine. Kisha akachukua sahani yangu, akaimimina kwenye ya kaka yake. Nyama yote! Nilitembea mpaka kituo cha basi na njaa yangu. Roho iliniuma. Bado inaniuma.

Jumapili, tarehe 21 Agosti. Ndani ya basi, tunarudi.

Mama Rivka amempa Ezéchias kazi ya Oktoba. Mimi amenipa mkate mtamu na kunitakia maisha mema. Ezéchias akanimegea nusu ya kuku wake. Nilikula, lakini sikumshukuru.

Halafu simu. Bagula! Alisema Dative amelala na hasira, ameamka bila hasira. Alisema dada yake si mtu wa kufukuza mtu mara moja. Mwezi wa kumi nikiweza kufika kwa nauli yangu, meza ipo, atapika tena vilevile, na atanipa jibu siku hiyo. Sharti lake ni moja tu. Nikija, nifunge mdomo.

Nilishindwa kukaa. Nifunge! Anataka mwanaume wa kufunga na kuomba! Na nimepata habari kwa Papa Lazar kwamba hata wao wanafunga mwezi wa kumi, siku nzima, hawanywi hata maji. Mambo yote yanapatana. Ezéchias alipoona nacheka peke yangu aliuliza kuna nini. Nikamwambia. Akafungua kinywa aseme kitu, nikamzuia. Safari hii simwachii nafasi.

Nimeanza mazoezi leo leo. Dative ataleta bugali, ataleta sombe, ataleta nyama yake yote, ataniwekea mbele kwa mikono yake miwili. Na mimi nitaisukuma sahani pembeni, taratibu, kwa heshima, bila kugusa hata tonge moja. Atalia kwa furaha.