Kiti cha Katikati

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo zote nilikuwa nazo mwilini. Koti pia. Tai pia.

Wenzangu wa kalamu, barua pepe hii naiandika kwa kompyuta ya ofisi ya binamu yangu. Someni mkiwa mmeketi. Ila si kwenye kiti cha mtoto.

Mnajua Mwende alinizalia mapacha watatu. Mnajua pia kwamba tangu wazaliwe wanakaa kwa mama yake hapa Kaloleni, Voi, nami niko peke yangu kwetu Chawia, juu milimani, ukungu unaingia dirishani na hakuna wa kumwambia "tazama." Msilolijua ni habari ya viti. Dada yake Mwende, nesi huko Ulaya, alitutumia viti vitatu vya watoto vya kufunga ndani ya gari, vyenye mikanda na vifungo. Majirani walimiminika kuvitazama kama bibi harusi. Mmoja aliuliza kama ni vya kinyozi.

Mama mkwe akatoa amri.

"Mwende, mwambie mume wako: wajukuu wangu hawapandi zile kona za Chawia wakipakatwa. Kila mmoja na kiti chake. Na mimi nitafuatana nao mpaka nione wamelala. Asipopata gari la kututosha, watakaa hapa mpaka waanze shule."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia kila neno. Lakini mke wangu ni Mkamba, na kwa Wakamba wanaoshika mila, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawasemezani ana kwa ana. Hawagusani hata mkono. Tangu nioe, yule mama namjua kwa leso na kisogo. (Kisogo chenye hadhi kubwa, nakiri.)

Sasa tazameni mtego huo. Gari dogo la kwanza nililojaribu lilikubali viti viwili, cha tatu kikabaki kimening'inia mlangoni kama kondakta. Pikapu, Mwende alinijibu kwa neno moja: "Watoto wangu si kabichi." Na gari lolote ambalo viti vitatu vinajaza nyuma, linamwachia Mama nafasi moja tu: mbele, kando yangu, bega kwa bega, kutoka Voi mpaka Chawia! Ningekufa kona ya kwanza.

Ndipo leo nikaliona. Stesheni wagoni ndefu, nyeupe, imeegeshwa uani nyuma ya duka la Bwana Athmani, naye huikodisha. Ina safu tatu za viti! Nililiona kama mtu anavyoona mvua baada ya kiangazi cha Voi. Mwende mbele nami. Watoto katikati. Mama nyuma kabisa, na kati yetu ukuta wa wajukuu. Riwaya haijapata kupangika vizuri hivyo. Nikampigia Mwende simu aje na watoto kuliona baada ya swala ya adhuhuri.

"Safu ya nyuma huingiwaje, Bwana Athmani, viti vya watoto vikishafungwa?"

"Kwa mlango wa buti, mwanangu. Ila huo mlango umechoka, hausimami wenyewe. Nimeutegemeza kwa kijiti. Kijiti hicho usikiguse, maana mlango ukijifunga, kwa ndani haufunguki kabisa."

(Kijiti. Likumbukeni neno hilo.)

Nikavifunga viti, kimoja, viwili, vitatu. Viliingia vyote! Nikataka kulia. Lakini cha katikati kilikuwa kinayumba, na kuyumba huko ndicho kitu cha kwanza ambacho Mama angekiona. Nikakipanda ili kukikandamiza. Kisha, kwa kuwa mimi ni mwembamba na mpumbavu, nikaketi. Kisha, nipate kumwapia Mwende kwamba mkanda unashika, nikaupitisha mabegani na kubana kifungo.

Ta!

Unashika.

Kifungo kilikuwa chini ya kifua, magoti yamenipanda kidevuni, koti limejikunja katikati, mikono haikifikii. Nikisogea, mkanda unakaza. Nikivuta pumzi, unakaza.

"Bwana Athmani!"

"Naenda kuswali adhuhuri, mwanangu, narudi sasa hivi!" Viatu vyake vikapotelea kichochoroni.

Nikabaki na jua. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye tai. Halafu nikasikia nyayo za polepole uani, na sauti ikiuliza, "Hodi? Hakuna mtu?" Sauti niliyoijua kupitia milango yote ya ndoa yangu.

Mama mkwe! Amekuja mapema, kwa siri, kukagua nafasi yake, akidhani mimi sijafika.

Nifanye nini? Nikikohoa, namwaibisha, na ile safari imekufa. Nikinyamaza, ataangalia na kwenda zake. Nikainamisha kichwa magotini, nikalivuta koti kutoka mgongoni, likanifunika kichwa gubigubi. Gari likatikisika. Ameingia kwa buti. Ameketi, nyuma yangu.

"Hm," akasema peke yake. "Hapa pazuri. Miguu itanyooka." Akainyoosha. "Yule kijana, mimi nilisema ni wa kuandika tu. Kumbe ana akili kidogo."

Wenzangu! Miaka yote nimesubiri sifa za wahakiki. Hakuna iliyowahi kunipasua moyo hivyo. Machozi yakanilenga mle gizani.

"Lakini mwembamba," akaongeza. "Upepo wa Chawia utambeba siku moja."

Kisha akaanza ukaguzi. Akatikisa kiti cha kushoto. Kikatulia. Akatikisa cha kulia. Kikatulia. Akashika cha katikati.

"Hiki kizito. Na wamekifunika."

Mkono ukapita juu, ukaingia chini ya koti. Ukashika nywele. Ukashuka. Ukapapasa paji la uso, miwani, ukatulia.

"Aiya! Kina pua!"

Akaruka nyuma. Mguu ukapiga kijiti. Mlango wa buti ukashuka, bwaa!

Tukafungiwa. Mimi na yeye. Kulia kwangu kiti, kushoto kiti, milango ya ubavuni iko safu yangu, naye hawezi kuifikia ila anivuke, au anifungue mimi nikaifungue. Akagonga kioo. Akaita. Mtaa mzima uko kwenye swala. Joto likapanda. Mwisho nikasikia akihema, akijifunga leso usoni, na akasema, kwa heshima zake zote:

"Kiti."

Akakigonga kiti mgongoni.

"Wewe kiti, mwambie huyo uliyembeba anyanyue kidevu, nipate kifungo."

Mila inataka mjumbe kati yetu. Mjumbe mwingine hakuwapo.

"Kiti," nikasema, "mwambie Mama nimenyanyua."

"Kiti, mwambie avute tumbo."

"Kiti, mwambie Mama tumbo lenyewe sina."

"Hilo nimeliona. Kiti, mwambie asinipumulie mkononi!"

Mikono yake imenizunguka kifuani, leso ameiuma kwa meno, shavu lake karibu na sikio langu, ndipo mlango wa ubavuni ulipofunguliwa. Bwana Athmani. Nyuma yake wenzake wote waliotoka msikitini. Nyuma yao vijana wa mtaani. Na katikati yao Mwende, mtoto mmoja mgongoni, wawili mikononi mwa majirani.

"Lahaula!" akasema Bwana Athmani. "Bwana mwandishi, nimekuachia gari, sikukuachia mama wa watu!"

"Buda amefungwa kama mtoi!" akapaza kijana mmoja.

Ta! Kifungo kikafunguka papo hapo, kwa kejeli, nami nikaporomoka miguuni pa mke wangu. Wa kwanza kucheka alikuwa mwanangu mwenyewe, yule wa mgongoni.

Wakamfungulia Mama buti. Akashuka, akanipa kisogo, akatengeneza leso. Nilijua akipiga hatua kuelekea nyumbani, wanangu watanijua kwa barua.

"Mwende."

"Ee, Mama."

"Mwambie mume wako hili gari achukue. Mtu mzima ameshindwa kutoka kwenye kile kiti. Mtoto atachomoka vipi?"

Nikataka kumkumbatia. (Nikakumbuka.)

"Na mwambie, kwa aibu hii, mila inadai mbuzi. Dume, mnene. Nitamchagua mwenyewe, twende naye, achinjwe huko Chawia."

Basi kesho tunapanda. Mwende mbele, watoto katikati, Mama nyuma. Gari limetutosha kabisa, jamani. Sasa nani kati yenu ana ndugu Ulaya wa kunitumia kiti cha mbuzi?