Brauni ya Kwanza Iko Chini ya Viazi vya Dalmas

Jumatatu, 2 Julai 1956

Habari kubwa! Klabu yetu ya gofu hapa barabara ya Subukia inatimiza miaka ishirini na mitano, na katibu, Bwana Pettifer, anaandika historia yake. Ametukusanya wafanyakazi nje ya baa, akauliza nani alikuwepo siku za mwanzo. Atakayemwonyesha mashimo ya zamani yalikuwa wapi atapewa ile nyumba ya mawe nyuma ya stoo. Nyumba ya mawe! Ina bati, ina dohani! Jelagat, mke wangu, amechoka na kibanda chetu kinachovuja. Amesema mvua ikiingia tena katika ugali wake anarudi kwao Olenguruone. Nampenda sana huyu mwanamke. Nikainua mkono.

Dalmas, mkuu wa makedi wanaowabebea wachezaji fimbo, naye akainua. Mwongo mkubwa! Aliandikwa kazi baada yangu, na mimi mwenyewe nilikuja juzi tu, mwaka wa arobaini na tisa.

Jioni Jelagat akaniuliza klabu ilipoanza nilikuwa na umri gani. Nikamjibu nilikuwa mtoto mwerevu.

Jumanne, 3 Julai

Nina mpango! Kazi yangu ni brauni. Kwao Ulaya, nasikia, shimo la gofu huzungukwa na majani laini. Sisi huku tuna mchanga uliokorogwa na oili chafu ya trekta ili usipeperuke, na huo ndio brauni. Mimi huutia oili na kuusawazisha kwa gunia kila wachezaji wakipita. Nani anaijua brauni kunishinda?

Basi Dalmas alipokwenda mjini, nikang'oa viazi vyake, nikafukia mchanga na oili yote ya stoo, nikavirudisha. Vimesimama vizuri, ingawa vimenuna kidogo.

Jumatano, 4 Julai

Ushindi! Nimempeleka Bwana kwenye viazi. Nikamwambia nakumbuka kama jana: mzungu wa kwanza alipiga mpira, ukampata punda milia, punda milia akaketi. Bwana akaandika yote. Tukachimba. Mchanga mweusi! Bwana akavua kofia. Memsahib, mke wake, akatokwa na machozi, labda kwa sababu ya harufu. Dalmas pia alilia, lakini yeye alikuwa analilia viazi.

Nyumba nitakabidhiwa Jumamosi. Jelagat amecheka leo, mara ya kwanza tangu mvua ianze. Nimemwambia afunge vyombo.

Alhamisi, 5 Julai

Upepo! Na stoo haina tone la oili! Brauni zote zimepaa. Daktari mmoja alikuwa ameinama apige mpira polepole, mara mpira ukafukiwa mbele ya macho yake. Akauliza oili imekwenda wapi. Nikasema trekta siku hizi linakunywa sana.

Lakini hilo ni dogo. Dalmas amemwendea Bwana na uso wa msiba, akamwambia amekumbuka brauni ya pili. Iko chini ya nyumba ya mawe! Alijionea kwa macho yake, ati, nyumba ikijengwa juu yake. Nikasema huyu mtu ni mwongo, hakuwepo. Bwana akaniuliza mbona basi Dalmas anamkumbuka punda milia.

Ijumaa, 6 Julai

Wamebomoa. Dohani ilianguka mwisho. Chini yake hakukuwa na kitu ila kijiko. Bwana ameandika kwamba ni kijiko cha waanzilishi.

Jelagat alifika na godoro kichwani, akakuta mawe. Akageuka na godoro lake, akarudi kibandani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Bwana akatangaza: atakayekumbuka brauni ya tatu atajengewa nyumba mpya. Dalmas alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamwahi! Nikasema iko chini ya nyumba ya Dalmas, naapa. Bwana hajawahi kufika kambini kwetu, kwa hiyo akamuuliza Dalmas nyumba yake ni ipi. Dalmas akanyoosha kidole bila haya: ile pale, Bwana, yenye mlango wa buluu.

Mlango wa buluu ni wangu. Lakini nilikuwa nimeshaapa.

Jumamosi, 7 Julai

Kibanda hakipo tena. Kimeanguka kwa dakika chache, hata wachimbaji walishangaa. Brauni haikuonekana. Dalmas alinipa pole kwa sauti kubwa ili Bwana amsikie alivyo mwema.

Jelagat amepanda lori la pareto linalokwenda Mau, upande wa kwao, na sufuria yake mapajani. Nilikimbia kando ya lori moyo ukiniuma. Nikamwambia asiende, mambo yamekuwa mazuri, nimekumbuka brauni ya nne! Iko chini ya baa yenyewe. Hapo Bwana hawezi kutunyima vyumba viwili.

Akagonga paa la chumba cha dereva, akamwambia aongeze mwendo. Sikupata hata nafasi ya kumweleza kuhusu ya tano.