Nirudishie Placide Kutoka kwa Ndege Wako

Baraka, mwezi wa saba 1956

Kwa Bwana Konservateur, mlinzi wa pori la ndege kando ya ziwa,

Kwanza ninakuamkia, wewe na Madame wako. Mimi ni Pulchérie, muke wa Placide, yule mvuvi uliyemwazima darubini wakati wa Pasaka. Ulifanya kwa roho nzuri, sikatai. Lakini tangu siku ile sina bwana nyumbani, na ninaomba unirudishie.

Mashitaka yangu ni haya:

1. Placide anatembea. Akisha kuanika wavu, anaingia pori lako, anazunguka kando ya maji mpaka jua linashuka. Nikimuuliza alikuwa anaenda wapi, anajibu: hakuna mahali. Sasa mtu anaendaje hakuna mahali, tena anachelewa kurudi?

2. Ndege hao hawaliwi. Nilimwambia alete hata mmoja tu, nimpike na mawese. Alinitazama kama vile nimetaka kupika mutoto wa jirani.

3. Pori linataka kimya, sawa, ni sheria. Lakini kimya hicho anakileta mpaka kwangu! Nikitwanga sombe, majani ya muhogo, ananiomba nitwange pole pole, eti kuna ndege juu ya nyumba. Wapi! Sombe inatwangwaje pole pole? Majirani hawasikii tena kinu wala sauti yangu, wanakuja kuuliza kama tuna kilio.

4. Hili ndilo limenichoma. Mama yangu, Adolphine, alikutana naye katika njia ya pori. Kwetu mukwe akimwona mama mukwe wake anajitoa njiani, anainama, anamuamkia kwa heshima. Placide akaweka kidole mdomoni, akamfanyia "sss". Mama mukwe, Mungu wangu! Mama alilia. Amesema hakanyagi kwetu tena. Na mimi, kati ya mama na bwana, niende wapi? Ninampenda Placide, ninaandika wazi, ndiyo sababu nina hasira.

Kwa hiyo ufunge pori. Kama haiwezekani, uhamishe ndege mbali, mpaka kule Lulimba. Kama hilo nalo ni gumu, basi ndege waje wenyewe kumwomba mama msamaha, na kuku wa msamaha watoe wao, maana ni jamaa yao.

Msalimie Madame, mpishi wenu, na hata mbwa, yeye angalau anabweka.

Mimi ninayelalamika kwa heshima zote,
Pulchérie

N.B. Bwana, tafadhali usifunge pori. Leo nilikuja kuleta barua hii, pamoja na mama na fimbo yake, ili tumtoe Placide kwa nguvu. Tulimkuta amelalia tumbo katika matete. Alipomwona mama alipiga magoti, akamtolea darubini kwa mikono miwili. Mbele yetu, juu ya mti mkavu, ndege mdogo mweusi na mweupe alikuwa analisha muke wake samaki mdogo, ndagala, mdomoni. Mama akatazama, akatazama, fimbo ikaanguka. Mimi nikafungua mdomo nianze kumgombeza Placide, kama tulivyopatana.

Ni mama aliyeniwekea kidole mdomoni.