Mahari ya Kamera

Marvin Ondiek alijiandikia michezo, akajielekeza, akaigiza, na mara nyingi akajipigia makofi mwenyewe, maana watu wa Eldoret wana kazi zao. Sanaa ilipokataa kumlisha, aligeukia matajiri wanaopenda kuonekana.

Ndipo akamwona Mama Waiyego, mwenye duka la jumla, akijipiga picha kando ya magunia ya sukari. Riziki imejileta, akajisemea.

"Mama, hiyo sura ni ya filamu. Nimeandika moja, ya mahari ya Kikuyu. Wewe ni mama ya bibi harusi, mimi bwana harusi. Shida ni budget tu."

"Na bibi harusi?"

"Msichana yeyote."

"Si Nyakio wangu yuko?"

Nyakio, karani wa benki aliyechoka kuulizwa kanisani ataolewa lini, alimtazama Marvin juu hadi chini, akarudi kwenye simu yake.

Mama alitoa nusu ya pesa. Nusu nyingine angepewa baada ya kushuti. Marvin alipanga kubeba zote na kupotelea Nairobi. Siku za mwizi ni arobaini, lakini Marvin hakuwa mwizi, alikuwa producer.

Siku ilipofika, wazee waliletwa kutoka Cheptiret, wakiongozwa na Mzee Mbuthia, kaka ya Mama. Marvin aliwahurumia kwa kuigiza vizuri hivyo bila malipo.

"Director," Mama akamnong'oneza, "hii bahasha ya mahari uliyojaza magazeti haina uzito. Weka ile pesa nilikupa, ikae ya ukweli."

Msanii hawezi kukataa ukweli. Marvin alimkabidhi Mzee Mbuthia bahasha huku akilia machozi aliyojiandikia. Kisha akakata bega la kondoo, akamlisha Nyakio, naye akalishwa. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Cut! Mzee, nirudishie bahasha."

"Mahari hairudishwangi, kijana. Kwetu, mtu akikata bega ya kondoo mbele ya wazee, ameoa."

"Lakini tulikuwa tunaact!"

"Ni wewe ulikuwa unaact," Nyakio akasema, akijipangusa mafuta mdomoni.

Marvin, Mjaluo aliyesomea mila za wenyewe kwenye YouTube, alirudi nyuma hatua moja. Alitazama geti. Hata nauli ya kutoroka ilikuwa ndani ya koti la Mzee Mbuthia.

"Tulia," Nyakio akamwambia. "Nilikuwa natafuta bwana wa kuonyesha watu kanisani, na wewe unajua kazi. Tunaanza Jumapili."

Marvin akauliza, "Script iko wapi? Nitasema nini?"

"Hauna line. Wewe utasmile tu."