Mimi, Roki ya Baa na Mabanga ya Pitchou

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo sikufanya kazi hata kidogo. Nilijifungia ofisini hapa Randburg, kusini mwa Afrika, nikasoma habari za roki ya baa hadi chai ikapoa. Uonevu mtupu! London, mwanzoni mwa miaka ya sabini, bendi zilipiga kwenye baa ndogo: nguo za kawaida, nyimbo fupi, hakuna mbwembwe. Punk, roki ya kasi na makelele, na new wave iliyoifuata zikaja kupitia mlango uleule, na sifa zote zikaenda kwao. Roki ya baa ikasahaulika.

Kama mimi! Miaka mitano nilipiga gitaa kwenye baa za Bungoma, kwetu Kenya. Nani anajua? Mke wangu Mwende husema nilikuwa nasaidia kubeba spika.

Basi nina mpango. Pitchou, fundi cherehani wa Doornfontein, mtu wa Lubumbashi, ana bendi ya punk. Jumamosi wanapiga kwenye baa moja Kensington, ya hapahapa, si ya London. Na Wakongo hutaja majina ya watu wao katikati ya wimbo, wanaita mabanga. Nataka jina langu litajwe. Kwa maikrofoni. Mbele ya Omollo, kiongozi wa kwaya yetu, aliyeninyima gitaa akanipa kayamba!

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi, kwa Pitchou. Mwende alinipeleka, gari ni lake. Nimewaazima amplifaya yangu ya Bungoma, kisha nikawaeleza roki ya baa kwa saa moja na nusu nzima. Mpiga ngoma, Cédric, alilala ameketi. Pitchou alinishukuru, merci, papa Simiyu, akaomba nisogee achukue waya.

Wimbo wao mmoja dakika tisa! Mwende akachungulia mlangoni, akawaambia umekuwa mrefu kama kikao cha harusi, wakate katikati na wapige upesi, ameacha maharage jikoni. Aibu gani hii! Nikawaomba radhi kwa niaba yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemtumia Pitchou jina langu mara sita, pamoja na sauti ya kulitamka. Amejibu kwa kidole gumba. Nimemwalika Omollo. Ameuliza kama nitapiga kayamba. Atanitambua!

Jumamosi, 11 Oktoba

Mchana kweupe, baa imejaa, Mwende na Omollo wako mezani kwangu. Amplifaya yangu ikatoa moshi kwenye wimbo wa kwanza. Wakaichomoa, wakaomba ya mwenye baa. Sikujali.

Halafu wimbo ule: dakika mbili! Mkali, watu wanaruka, viti chini. Pitchou akasema kuna mtu mmoja aliyewafundisha kupiga hivi; bila yeye wangekuwa bado ubeti wa pili. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikainua mkono.

"Maman Mwende! Maman Mwende wa Kenya!"

Baa nzima ikaitikia. Mkono wangu bado uko juu. Nikajifanya naita mhudumu. Wakamvuta Mwende jukwaani, akacheza huku akicheka mpaka machozi. Miaka mingi sijamwona hivyo. Nikacheza na mimi, hata Omollo. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani wote wamemsalimia Mwende. Omollo amemwomba aje afupishe nyimbo za kwaya.

Wakati wa mahubiri nimefikiri sana. Sawa, punk ya Kensington imetoka kwa Mwende. Lakini nani amemzoesha Mwende kukatiza maneno marefu, mezani, kila siku, miaka kumi na minne? Mimi! Chimbuko ni mimi, na nimepuuzwa tena. Namwandikia Pitchou maelezo mafupi. Nimefika ukurasa wa tisa.