Kufunguliwa Rasmi kwa Njia Kuu Namba Moja

Umma wote unatangaziwa kwamba kilima chetu, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na miti, ndege na watu wanaotembea ovyo, sasa kina njia.

Ndivyo lilivyoanza tangazo letu. Nasema letu kwa unyenyekevu, maana niliyeliandika ni mimi, Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Njia za Kutembelea. Nililiombea kabla ya kulibandika. Haya ninayoeleza ni ya kweli, Mungu ni shahidi wangu, pamoja na wajumbe sita.

Zamani kilima kilikuwa kiwanda cha chokaa. Mawe yalipasuliwa machimboni kule juu, yakachomwa kwenye matanuri huku chini, na watu wa mji wakakohoa kwa zamu. Kiwanda kilipofungwa, miti ilirudi bila kuomba kibali. Leo matanuri yameota mizizi, reli za vitoroli zimelala chini ya majani, na watu hupanda kila Jumapili kunyoosha miguu. Walikuwa wakipita njia walizozitengeneza wenyewe kwa nyayo zao. Hapo ndipo ofisi yetu ilipoona hatari.

"Mtu anaamka tu, anavaa viatu, anakwenda," alisema Mkurugenzi kwenye kikao cha kwanza. "Bila mwongozo! Hiki ni kilima cha umma au shamba la bibi?"

Kamati ikaagiza ramani. Mpima wetu ni mtu hodari, ana rula tatu. Ila kanuni inamtaka avae buti anapoingia msituni, na buti zake zilikuwa kwenye mchakato wa manunuzi kwa mwaka wa nne. Kwa hiyo alikipima kilima akiwa ofisini. Mimi nilimsaidia. Stoo, nyuma ya viti vilivyovunjika, nilikuta mchoro wa kiwanda cha zamani, umechorwa juu ya kitambaa. Maandishi yalikuwa yameliwa na mende, lakini mistari ilikuwepo. Mmoja ulikuwa mnene, umenyooka kutoka matanurini hadi ng'ambo ya machimbo kama uzi wa mwashi, na juu yake viduara kumi na vinne.

"Hiyo ndiyo njia kuu," alisema Mpima.

"Na viduara?"

Mpima alifikiri kidogo. "Mabenchi."

Mkurugenzi alifurahi sana. "Mnaona watu wa zamani? Hakuna kona hata moja! Njia iliyonyooka ni dalili ya uongozi ulionyooka."

Maneno hayo tuliyapigia kura, yakapita. Mabenchi kumi na manne yakaagizwa.

Njia nyingine zote, kwa kuwa hazikuwa kwenye mchoro, zilionekana kuwa hazipo. Na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuachwa wazi. Tukaweka vibao na mlinzi: HAPA HAKUNA NJIA. ATAKAYEPITA ATATOZWA FAINI. Wahenga walisema penye nia pana njia, lakini wahenga hawakuwa na idara.

Jumatano alikuja ofisini mama mmoja wa miaka sabini hivi, ambaye mtaani wanamwita Bi Chokaa kwa sababu alibeba magunia ya kiwanda tangu usichana wake. Aliketi kabla sijamkaribisha.

"Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya njia."

"Njia gani, mama?"

"Ile ya nyuma ya matanuri. Mliyoweka kibao."

"Pale hakuna njia, mama."

"Nimeipita miaka thelathini."

"Basi kwa miaka thelathini umepita pasipo na njia," nilimweleza kwa upole. "Kosa lenyewe ndilo hilo."

Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. Kisha akaeleza. Ana dada yake mkubwa, amepooza, anakaa upande wa pili wa kilima kwenye nyumba za wafanyakazi wa zamani, na haiwezekani kumbeba kumhamisha. Kila asubuhi Bi Chokaa huvuka kilima kwenda kumgeuza, kumwosha, kumlisha na kumpa dawa. Kwa njia ile isiyokuwepo ni dakika arobaini. Kwa barabara ni nusu siku.

"Jana mlinzi wenu alinirudisha. Nimezunguka na barabara, nikafika saa nane mchana. Dada kalowa, midomo imekauka. Ananiambia, 'Mdogo wangu, nilidhani umekufa.' Asipogeuzwa asubuhi, mgongo unachubuka. Unanielewa, baba?"

Nilimwelewa, na niliandika. Nikamjulisha kwamba anaweza kuomba njia ianze kuwepo, na ombi lingejibiwa ndani ya siku ishirini na nane za kazi.

"Na Jumapili?"

"Jumapili si siku ya kazi, mama."

"Nenda ukauambie mgongo wake."

Aliinuka. Kabla ya kutoka aliiona ramani yetu ukutani, akaifuata kwa kidole.

"Huu mstari ni nini?"

"Njia Kuu Namba Moja. Mkurugenzi ataizindua Jumamosi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Lo! Mwanangu, hapo si zilikuwa zinapita..."

"Mama, muda wa maoni ya wananchi ulishafungwa mwezi uliopita."

Akaondoa kidole kwenye ramani. Kisha akasema, "Haya. Mungu amtangulie."

Nikaitikia amina, na kwenye kumbukumbu nikaandika kwamba wananchi wanaunga mkono.

Jumamosi ilikuwa na ukungu. Mkurugenzi alikuja na tai nyekundu na viatu vya kung'aa, akakata utepe, akahutubia juu ya unyoofu. Tukaanza kupanda, sisi wajumbe nyuma yake kwa kufuata vyeo. Mstari ulipita juu ya tanuri, nasi tukapita juu ya tanuri. Mstari ulipita katikati ya miiba, nasi hatukuukosea heshima. Benchi la tatu lilitazamana na shina la mti, umbali wa pua. Seremala alikuwa ameweka mabenchi tisa tu, matano akayarudisha ofisini na karatasi iliyosema: "Hakuna pa kuweka." Tulikuwa tumemwandikia onyo la uvivu.

Baada ya benchi la tisa palikuwa na nguzo ya chuma yenye kutu, na waya mnene uliokatika ukining'inia. Mbele yake ukungu.

Mpima alifungua ramani. "Mbele moja kwa moja. Mita mia mbili."

Mkurugenzi alitupa jiwe. Tukasubiri. Tukaendelea kusubiri. Halafu tukasikia maji.

"Ardhi haijakamilika," alisema Mpima.

Tukaamua kurudi. Hapo tuligundua kwamba kifusi tulichopandia kilikuwa kimeteremka bila sisi. Tulibaki watu wanane kwenye kipande cha mwamba chenye ukubwa wa meza ya kikao, na benchi moja, ambalo Mkurugenzi alilikalia kwa mujibu wa cheo. Manyunyu yakaanza. Niliongoza sala. Mjumbe wa tano alilia, lakini nje ya ajenda.

Saa moja baadaye tulisikia mtu akikohoa chini yetu kidogo, kwenye vichaka.

"Mama! Mama yangu!" aliita Mkurugenzi.

Bi Chokaa aliinua uso. Alikuwa na kikapu, na taulo begani. "Nani huko?"

"Mkurugenzi!"

"Unafanya nini kwenye njia ya ndoo?"

"Ndoo gani?"

"Ndoo za mawe, baba. Zilikuwa zinapita angani, zimening'inia kwenye waya. Hapo hapapitwi na mtu. Mmoja alijaribu, tukamzika Alhamisi."

Mkurugenzi alimtazama Mpima. Mpima alitazama rula.

"Na wewe umepitaje?" niliuliza, maana kazi ni kazi.

"Mlinzi wenu kaenda kulinda utepe."

"Mama, tushushe," alisema Mkurugenzi. "Tafadhali."

"Teremkeni kwa matako, mmoja mmoja, mshike mizizi. Ila mnifuate ninakokwenda. Mgonjwa wangu ananisubiri, na sirudi chini mpaka nimalize."

Tukamfuata. Hakupunguza mwendo hata mara moja. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, na kitandani mama mkondefu mwenye macho makali.

"Umeniletea mkutano?" aliuliza.

"Wamepotea, dada."

"Wakitokea wapi?"

"Njia kuu."

"Wageukie ukutani. Huyo mwenye tai ashike beseni, anaonekana hana kazi."

Mkurugenzi akashika beseni. Sisi tuligeukia ukuta, lakini yeye alilazimika kuwa karibu. Bi Chokaa alipomgeuza dada yake, palikuwa na kidonda mgongoni, kipana kama kiganja.

"Hiki kimetokana na nini?" aliuliza Mkurugenzi polepole.

"Hicho ni cha Jumanne," alisema Bi Chokaa. "Nyoosha mikono, unamwaga maji."

Jumatatu tulikaa kikao cha dharura. Suala lilikuwa zito: Mkurugenzi alionekana akipita pasipo na njia. Lakini Mkurugenzi hawezi kuvunja kanuni. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba pale palikuwa na njia siku zote. Tukaitambua kuanzia miaka thelathini iliyopita, na vibao viling'olewa kabla ya chai.

Ilibaki kanuni ya kumi na moja, ambayo Mkurugenzi mwenyewe aliitunga na kuisahau. Njia iliyotambuliwa kwa miguu ya ofisa sharti ithibitishwe na ofisa yuleyule kwa kuipita siku tisini mfululizo, na kila siku itiwe sahihi na mtumiaji mzoefu. Mtumiaji mzoefu ni mmoja tu. Naye hatii sahihi njiani. Anatia sahihi mgonjwa akishaoshwa, akishalishwa, akishageuzwa.

Kidonda kimefunga, namshukuru Mungu. Mkurugenzi amepungua tumbo na anajua kupika uji usio na mabonge.

Leo ilikuwa siku ya themanini na tisa. Bi Chokaa amekataa kutia sahihi. Anasema Mkurugenzi alikuwa na haraka, hakumkausha dada yake vizuri katikati ya vidole vya miguu. Siku ikikosa sahihi, hesabu huanza upya. Nimeisoma kanuni mara tatu na nimeiombea, sijapata namna nyingine.

Kesho ni siku ya kwanza.